Viwavi Walipoacha Kula

Wanangu wakitaka kunisifu mbele ya wageni husema mama yao alikuwa shujaa tangu utotoni. Huwa nawaacha waseme, maana si adabu kumkatiza mtu akiwa na wageni, lakini moyoni nacheka. Shujaa gani anayejikojolea mbele ya mwalimu wake, bibi yake na wasichana wa mtaani? Niliogopa, tena niliogopa vibaya sana, na woga ule haujanitoka hadi leo. Gari likipunguza mwendo karibu na lango letu, naacha ninachokifanya nasikiliza. Anayeisimulia habari hii bila woga huo anasimulia ya mtu mwingine.

Ilikuwa mwezi wa tano, majira ya viwavi. Enzi zile Moscow ndiyo iliyotupangia kila kitu, na kila nyumba ya kijiji chetu, huku upande wa Namangan, ilipewa na ushirika mayai ya viwavi wa hariri, madogo kama punje za ulezi, iyatunze mpaka viwavi watoke, wakue na wafume vifuko vyao. Hukuulizwa kama unataka. Chumba kizuri kuliko vyote, kile cha wageni, kilikuwa chao, sisi tukalala uani. Watoto tulikata matawi ya miforosadi asubuhi na jioni hadi viganja vikawa vyeusi. Kiwavi akishakua hula mchana kutwa na usiku kucha, na ukisimama nje ya mlango ukawasikia wanavyotafuna, utadhani mvua inanyesha ndani ya nyumba.

Na jambo moja kila mtu alilishika, awe mwanachama wa Chama au asiwe. Chumba cha viwavi haingii mgeni. Jicho la mtu huwaua, harufu ngeni huwaua, kelele huwaua. Hata mwenyekiti wa ushirika, ambaye kwa kelele hakuwa na mpinzani, alisimama kizingitini akauliza habari zao kwa sauti ya chini kama aliyekuja kumwona mgonjwa.

Ndiyo maana bibi yangu Tojinisa alifundishia humo.

Wanawake wa mtaa walimwita otin, ndivyo tunavyomwita mwanamke anayewafundisha wanawake wenzake dini, ila walimwita hivyo kwa kunong'ona. Kitabu hakuwa nacho. Cha kwao kilizikwa bustanini na baba yake kabla ya vita, na mzee alikufa bila kuonyesha ni chini ya mti gani. Bibi alikuwa nacho kichwani. Alasiri, tukishatoka shule, wasichana watano wa mtaani walikuja na matawi ya miforosadi mabegani kana kwamba wanatusaidia kulisha. Walikaa chini katikati ya vichanja vya viwavi, bibi akasoma sura kipande kipande, nao wakamfuatisha. Mimi nilikuwa wa sita. Ile mvua ya viwavi ilizifunika sauti zetu.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia ndani ya majira hayo, na bibi alifurahi kama aliyeletewa zawadi. Alfajiri kila nyumba iliwasha taa kulisha viwavi. Nani angejua kuwa kwetu taa ile ilikuwa pia ya daku? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilitaka kufunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza. Mama alisema nitakonda. Baba hakusema habari za kukonda. Alikuwa dereva wa lori la ushirika, na mchana wa Ramadhani alikwenda makusudi kukaa kwenye mkahawa wa chai barabarani, akanywa mbele za watu ili aonekane ananywa, kisha akirudi nyumbani hamtazami mama yake usoni. Alisema mtoto akijulikana anafunga, lori limekwenda. Bibi akamjibu kwamba mtoto hakutumwa na mtu, ametaka mwenyewe. Walivutana siku mbili. Mwishowe baba akasema basi, nifunge, lakini nifunge mdomo kwelikweli, kwa chakula na kwa maneno.

Shuleni walikuwa wametutangulia. Tangu siku ya kwanza ya mfungo, mstarini asubuhi iliwekwa ndoo ya maji na kikombe cha bati. Kila mtoto alikunywa ndipo aingie darasani. Aliyesimamia ndoo alikuwa Mwalimu Sultonmurod, mkuu msaidizi. Alikuwa mtu wa mtaa wetu hasa, mtanashati, mwenye tai, na mama yake alilea viwavi kama sisi. Hakuwahi kumpiga mtoto. Wapigaji tulikuwa nao na tulishawazoea, kwa sababu fimbo ina mwisho. Huyu aliuliza maswali. Alikuuliza polepole, akakungoja, na kila ukijibu aliuliza tena.

Siku za mwanzo niliweka maji mashavuni nikayatema nyuma ya darasa. Qudrat, mvulana wa darasa letu aliyekuwa na ulimi kuliko akili, akaniona.

"Inobat, mashavu yote hayo, umewafuga viwavi humo?"

Watu wakacheka, na Mwalimu Sultonmurod akageuka kuona kinachochekesha. Kuanzia kesho yake kila aliyekunywa alitakiwa kutaja jina lake kwa sauti kabla ya kupita. Huwezi kutaja jina na mdomo umejaa maji. Nikameza. Siku ile nilirudi nyumbani nalia njia nzima, nikamwambia bibi kuwa mwezi wangu umeharibika na mimi nimeharibika nao.

Bibi hakuniliwaza sana, hakuwa na tabia hiyo. Alisema aliyenyweshwa kwa nguvu atalipa siku ile baada ya mwezi, basi, na leo nisile wala nisinywe tena mpaka magharibi, maana siku ya Ramadhani huheshimiwa hata ikivunjika. Kisha akanishika kidevu.

"Wakikupa maji, kunywa. Maji yataingia tumboni yatatoka. Lakini wakikutaka useme kuwa Mungu hayupo, hilo mwanangu usilitoe. Hilo mimi sijui linalipwaje."

Basi nikawa nakunywa kila asubuhi, nataja jina langu, na baada ya hapo sigusi kitu mpaka jua lizame. Nikazidi kuhesabu madeni. Nilikuwa na njaa, na kiu, na aibu, na juu ya yote nilikuwa na woga, kwa sababu Mwalimu Sultonmurod alikuwa ameanza kunitazama nikiwa nimekaa peke yangu wakati wenzangu wanakula mikate yao.

Kisha viwavi wetu wakapanda.

Bibi alikuwa amekipasha moto chumba kwa jiko la chuma wiki nzima, kwa hiyo wetu walikua upesi kuliko wa jirani. Kiwavi akiiva hugeuka manjano, huacha kula, hupanda mafungu ya magugu makavu uliyomsimamishia, na huko juu huanza kufuma. Hapo kazi imekwisha. Hakuna tena kukata matawi, hakuna kuamka. Unafunga mlango, unanyamaza, unangoja vifuko. Asubuhi moja tuliamka tukakuta mvua imekatika, nyumba kimya kabisa, na mama akalia kwa furaha. Baba alikwenda mkahawani kutamba kuwa wa kwetu ndio wa kwanza mtaa mzima, na watu wakampa hongera, na akanunulia watu chai.

Katika nyumba ile tulikuwa na watu wazima watatu wenye akili zao, nami mtoto mwenye masikio. Hakuna aliyeikumbuka taa. Tuliendelea kuamka alfajiri, tukaiwasha, tukala daku yetu kama kawaida.

Siku ya tatu Mwalimu Sultonmurod aliniita pembeni kabla sijaifikia ndoo.

"Nasikia viwavi wenu wamepanda. Hongereni."

Nikamwambia ahsante, mwalimu.

"Sisi wetu bado wanakula. Mama hawezi tena kazi ya kuinama, kwa hiyo alfajiri namsaidia kulisha. Nikitoka uani naiona taa yenu." Akatengeneza tai. "Viwavi wenu hawali tena, Inobat. Kwenu alfajiri anakula nani?"

Nilisema baba huamka mapema kwa sababu ya lori. Mwalimu akasema lori la baba liko karakana tangu Jumatatu, limetolewa injini, na yeye mwenyewe ameliona. Hakukasirika. Alisema alasiri atakuja nyumbani kuwaona hao viwavi mashuhuri, na kwamba nisitangulie, nimngoje langoni mwa shule tuongozane. Kisha akanionyesha ndoo, nikanywa, nikataja jina langu, na sauti iliyotoka sikuitambua.

Sikusikia somo hata moja siku ile. Nilikuwa nahesabu masaa kwa mambo ya nyumbani. Sasa mama anafagia ua. Sasa bibi anasali. Na alasiri, saa ileile ambayo mimi na mwalimu tutafika langoni, wasichana watano watakuwa chumbani wamemzunguka bibi. Wao walikuwa darasa la chini na walitoka mapema kuliko mimi. Mvua ya viwavi haikuwapo tena ya kuwafunika, lakini bibi hakukubali kuahirisha, alisema tu wapunguze sauti, wasome kwa midomo. Katika kijiji cha pili walikuwa wamemkuta otin mmoja na wanafunzi wake mwaka uliotangulia. Mwanawe alifukuzwa kazi. Yeye mwenyewe alipelekwa wilayani, akarudi baada ya majuma mengi, na tangu siku hiyo akiona mtu hufunga mlango. Niliwaza bibi yangu akifunga mlango hivyo. Niliwaza nikimwambia mtu akimbie nyumbani kutoa habari, lakini ningemwambia nani? Qudrat?

Tukaongozana. Mwalimu alitembea taratibu kwa ajili yangu, jambo lililoniumiza zaidi, kwa sababu nilitaka tufike yaishe na sikutaka tufike kabisa. Njiani alichuma aprikoti mbichi kwenye tawi lililoning'inia juu ya ukuta wa watu, akanipa moja, yale mabichi ya kijani ambayo watoto wote wa kwetu hula kwa chumvi na kuumwa matumbo. Niliipokea nikaishika kiganjani. Akala yake akaniuliza mbona sili. Nikasema nitakula baadaye. Alisema sawa, akaendelea kunieleza jinsi mama yake anavyoumwa magoti.

Nilipoliona lango letu nilijua nina kitu kimoja tu cha kufanya. Nilijaza kifua.

"Bibi! Tuna mgeni! Mwalimu Sultonmurod amekuja!"

Hakuna mtu wa kijiji chetu, hata mlevi, anayepiga kelele kwenye nyumba ambayo viwavi wanafuma. Mbwa wa jirani akabweka. Mama alitoka jikoni ameshika mdomo. Mwalimu alinigeukia.

"Utawaua viwavi," akasema kwa sauti ya chini.

Mlango wa chumba ulifunguka. Wasichana wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja amekumbatia fungu la magugu makavu, na nyuma yao bibi, mtandio wake umenyooka, uso umetulia. Alimkaribisha mgeni, akasema watoto hawa wamekuja kusaidia kupanga chumba. Nilifumba macho. Mtu yeyote aliyelelewa na mama mwenye viwavi anajua kuwa magugu husimamishwa kabla hawajapanda, na wakishapanda huligusi hata moja. Mwalimu aliyatazama magugu mikononi mwao, akamtazama bibi. Kisha akaenda hadi kizingitini, akasimama hapohapo, akachungulia bila kuingia. Hata yeye hakuthubutu kuingia. Alisifu, akasema ni viwavi wazima kweli, wana rangi nzuri. Akaomba chai.

Wasichana walianza kujivuta kuelekea lango. Akawaambia wasubiri, watakunywa pamoja.

Walikaa kwenye kitanda kikubwa cha uani, chini ya mzabibu. Mama alileta birika na vibakuli. Mimi niliachwa nimesimama mbele yao. Mwalimu alichukua birika yeye, mgeni, akamimina. Kwetu mtu unayemheshimu humiminiwa chai kidogo kidogo, ili urudi kummiminia tena. Yeye alikijaza kibakuli hadi ukingoni, akampa bibi kwa mikono miwili.

"Karibu, mama."

Bibi alikunywa. Alikunywa chote bila haraka, akajipangusa midomo kwa ncha ya mtandio, akasema chai hii ni nzuri ila mama Inobat amezidisha majani. Mwalimu akajaza tena kwa ajili ya wasichana. Kila aliyepokea alimtazama bibi, na bibi aliinamisha kichwa, naye akanywa. Zebiniso, mdogo kuliko wote, meno yake yaligonga ukingo wa kibakuli hata sote tukasikia. Jua lilikuwa bado juu ya paa. Mimi nilingoja zamu yangu na nilikuwa tayari. Maji nilishayazoea.

Mwalimu akaweka birika chini.

"Wewe sikupi," aliniambia. "Wewe umekunywa maji yangu mwezi mzima, na ukitoka pale huli wala hunywi mpaka jua lizame. Nimekuona. Kwako maji hayafai kitu." Alisogeza kibakuli chake mwenyewe mbele yake. "Nataka useme neno moja hapa mbele ya bibi yako. Sema, hakuna Mungu. Ukisema, namaliza chai yangu nakwenda zangu, na nitakuwa nimekuja kuona viwavi."

Nilimtazama bibi. Nilitaka aniamuru. Kama alivyoniambia maji kunywa, aniambie na hili sema, nami ningesema, hakika ya Mungu ningesema, na dhambi ingekuwa yake. Bibi hakuinua macho kutoka kwenye kibakuli kitupu. Mama alikuwa ananiangalia na midomo yake ikitikisika, na nilielewa anachoniomba. Alikuwa ananiomba niseme.

Nikawaza, ni neno tu. Nitalisema kwa ulimi na moyoni nitalikanusha papo hapo, halitawahi hata kukauka. Bibi atabaki na mlango wake wazi. Baba atabaki na lori. Hawa watano watakwenda kwao. Nilifungua mdomo kabisa. Halikutoka. Sikulizuia mimi, wala sikuwa na ujasiri wowote, naapa. Nilikuwa nalisukuma na halitoki, na wakati huohuo nikahisi kitu cha moto kinateremka miguuni, ndani ya suruali, hadi kwenye udongo ambao mama alikuwa ameufagia asubuhi. Wote waliona. Aprikoti ilinidondoka mkononi.

"Siwezi, mwalimu."

"Kwa nini huwezi?"

"Naogopa."

"Unamwogopa nani? Mimi, au huyo asiyekuwapo?"

Alikuwa ameuliza, na mimi nilikuwa mtoto niliyefundishwa kumjibu mwalimu akiuliza.

"Wote wawili," nikasema.

Zebiniso akaanza kulia kwa sauti nyembamba. Mwalimu Sultonmurod aliinua kibakuli chake anywe, na hapo nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Chai ilimwagika juu ya suruali yake safi, akaifuta kwa kiganja, akaifuta tena ingawa hapakuwa tena na cha kufuta. Alipozungumza alizungumza na mama, si na mimi. Alisema wilayani wanataka jina kutoka kila mtaa kabla shule hazijafungwa. Wanapiga simu kila siku. Mtaa huu bado, na mtaa huu ndio anaokaa yeye.

Akasimama, akavaa viatu.

"Chumbani nimeona viwavi," alisema. "Huyu binti amefunga kwa utundu wake, hakufundishwa na mtu. Ndivyo nitakavyosema. Kesho aje mstarini bila skafu." Akawaambia wasichana waende kwao. Alipofika langoni aligeuka, akaweka mkono kifuani kama mtu yeyote wa kwetu anapomuaga mzee. "Na taa, mama. Izimeni."

Sitairefusha habari ya yaliyofuata. Kesho yake nilisimama mbele ya shule nzima shingo tupu, bila ile skafu nyekundu ya watoto wa Chama, jina langu likasomwa, na Qudrat safari hii hakupata la kuchekesha. Kabla ya wiki kwisha baba alinyang'anywa lori akapewa sepetu kwenye mifereji, na alikaa kwenye mifereji miaka mitatu. Bibi hakuna aliyekuja kumchukua. Lakini jioni ile hatukuyajua hayo. Jioni ile tulijua tu kwamba mtu ameondoka kwetu na maneno mkononi, na kwamba wilayani wana gari.

Mama alinibadilisha nguo bila kunitazama. Nilijua amenikasirikia, na nilijua ana haki. Kisha bibi akaniita kwenye chumba cha viwavi, akafunga mlango. Kule ndani walikuwa juu ya magugu yao, wengine wamekwisha kujifunika, wengine wanaonekana bado ndani ya ukungu mweupe wakizungusha vichwa. Nilingoja anisifu. Naona aibu kusema, lakini nilingoja.

"Angenigeukia mimi," bibi akasema, "ningesema."

Sikumwelewa.

"Ningelisema, Inobat. Nilikuwa nimekwisha kulipanga mdomoni, nangoja zamu yangu. Kwa ajili ya wale watoto, kwa ajili ya baba yako. Na kwa ajili yangu pia, nisikudanganye. Wilayani nilishapelekwa nikiwa msichana. Sikutaka kurudi."

Mwalimu Sultonmurod hakunitisha kama nilivyotishwa na maneno hayo. Mchana wote nilikuwa nimesimama pale nikijua kuwa hata nikianguka yuko bibi, na bibi hawezi kuanguka. Nilimuuliza kama ingekuwa dhambi. Alisema hapana, Mungu anamjua aliyelazimishwa, na mtu akisema hali ana kisu shingoni hahesabiwi. Basi mbona uliniambia nisiseme, nikamuuliza, na nilikuwa nimeanza kulia kwa hasira. Aliwageukia viwavi.

"Nilikuwa nakufundisha kama nilivyofundishwa," alisema. "Sikujua kama kuna mtu anaweza."

Magharibi ilitukuta uani bila taa. Hatukuthubutu kuiwasha. Mama alitandika kitambaa, akaweka mkate, maji, na zabibu kavu kidogo. Baba alikuwa amerudi na amekwisha kuambiwa. Alikaa mahali pake, hakunigombeza, na mara hii hakuwa amepitia mkahawani. Katika nyumba yetu mkate haumegwi na mtu yeyote kabla ya bibi. Angekuwa mgonjwa, tungempelekea kitandani aumege kwanza. Na bibi, ambaye alikunywa kibakuli kizima mchana, hakuwa ameonja kitu tena tangu saa ile, alikuwa akingoja jua pamoja nasi.

Aliuchukua mkate akaushika. Kisha akausogeza juu ya kitambaa hadi mbele ya magoti yangu, akarudisha mikono yake mapajani.

Baba alimtazama mama yake. Nami nilimtazama, nikidhani amechoka, nikausukuma umrudie. Hakuupokea.

Hapo ndipo tuliposikia gari. Lilikuja kutoka upande wa barabara kuu, likapunguza mwendo kwenye kona ya mkahawa, likaingia mtaa wetu. Mama alivuta ncha ya kitambaa akaufunika mkate. Baba alisimama. Mwanga ulipita juu ya ukuta wa ua, ukapanda kwenye mzabibu, ukasimama. Gari lilikuwa langoni kwetu, na halikuzima injini.

"Mega, mwanangu," bibi akasema. "Wakati umeingia."

Niliufunua mkate nikaumega, makombo yakamwagika kila mahali, nikampa bibi kipande cha kwanza, nikampa baba, nikampa mama, nikachukua changu. Tukala gizani, tunatafuna polepole, tunalisikiliza.